Kikulacho ki Nguoni Mwako

 

Ndugu msomaji, kila ifikapo miezi ya likizo, majumba yetu ya pwani, kuanzia Lamu mpaka Mombasa, na kuanzia Tanga mpaka Unguja na Pemba, hupokea wageni ambao ni damu yetu wenyewe. Ni watoto wa ndugu zetu waliokwenda kukaa London, Leicester, Birmingham na kwengineko katika nchi ya Uingereza. Bibi hutoka mlangoni kwa furaha kumlaki mjukuu, na mara macho yake hushuka chini. Mjukuu mwanamume amevaa sweta lenye kofia iliyomfunika nusu ya uso, na suruali imemning'inia chini ya kiuno. Mjukuu mwanamke amejitanda mtandio wa thamani, lakini chini ya mtandio huo amevaa suruali iliyombana kama ngozi ya pili. Basi chai haijamiminwa, na ugomvi umeshaingia ndani.

Katika ugomvi huo husikika sauti mbili. Ya kwanza husema: "Waacheni watoto, nguo ni nguo tu. Wao ni Waingereza, na hivyo ndivyo Waingereza wanavyovaa." Ya pili husema: "Hawa wameshapotea. Wafungieni ndani, wavueni matambara hayo, au warudisheni walikotoka." Sisi leo twataka kugombana na sauti zote mbili, maana zote mbili zinasema bila ya kujua. Ya kwanza haijui nguo ni nini, na ya pili haijui kijana ni nani. Na zote mbili hazijui huo Uingereza unaotajwa umetoka wapi.

UINGEREZA UPI?

Wazee wetu waliomjua Mwingereza enzi za ukoloni walimjua kwa vazi lake. Alikuwa na kofia ngumu ya jua, kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, soksi za kufika magotini, na fimbo kwapani. Vazi hilo lilikuwa na maana yake, nayo ni kusema: mimi ni mtawala. Lakini dola ile ilikwenda ikififia. India ilijitenga mwaka 1947, Ghana mwaka 1957, Tanganyika mwaka 1961, na mwezi wa Disemba 1963 bendera ya Mwingereza ikateremshwa Unguja na Nairobi kwa siku mbili tofauti za mwezi mmoja. Sasa tujiulize: mtu aliyezoea kujitambua kwa kutawala wengine, akisha kunyang'anywa utawala, atajitambua kwa lipi?

Jibu halikutoka Bungeni wala kanisani. Lilitoka barabarani, kwa vijana wa mitaa ya kimaskini ambao wakubwa wa nchi yao walikuwa hawawataki hata kuwatazama.

Baada ya Vita Kuu vya Pili, mafundi cherehani wa Savile Row, mtaa wa matajiri mjini London, walijaribu kufufua mishono ya zama za Mfalme Edward wa Saba, aliyetawala kuanzia 1901 mpaka 1910. Makoti marefu yenye kola za mahameli na suruali nyembamba za miguu yalikusudiwa mabwana wakubwa na maafisa wa jeshi. Mara vijana wa kazi za mikono wa kusini ya London wakayachukua, wakayaongezea viatu vya soli nene na nywele za mafuta, na kufika mwaka 1953 magazeti yakawa yamewapa jina la Teddy Boys, yaani vijana wa Edward. Mabwana wakubwa waliposhtukia wamevaa sawa na makuli wao, waliyavua mbio.

Kwa nini mambo haya yalitokea wakati ule na si kabla? Sababu ni fedha na wakati. Mtafiti Mark Abrams aliandika mwaka 1959 kwamba mapato halisi ya vijana wa Kiingereza yalikuwa yamepanda kwa nusu kulingana na yalivyokuwa kabla ya vita. Wito wa lazima wa jeshini ulikoma mwaka 1960, na askari wa mwisho wa wito huo wakaachiliwa mwaka 1963. Basi alikuwepo kijana mwenye mshahara mfukoni, asiye na mke wala mtoto, asiyeitwa jeshini, na wala hasikii tena sauti ya dini. Mtu kama huyu ni chombo kisichokuwa na nahodha. Wafanya biashara walimwona kabla ya mapadri kumwona.

HATUA NNE

Hebu tuangalie njia iliyopitwa na kila kundi la vijana wa nchi ile, kwani ni njia moja yenye hatua nne. Kwanza hutukanwa. Pili hupigwa. Tatu hununuliwa. Nne hutukuzwa.

Mwaka 1964, katika sikukuu za machipuko, makundi mawili yaliyoitwa Mods na Rockers yalirushiana viti katika fukwe za Clacton, kisha Margate na Brighton. Mods walivaa suti za mkato wa Kitaliana na kupanda skuta, na Rockers walivaa majaketi ya ngozi na kupanda pikipiki kubwa. Magazeti yalipiga kelele kana kwamba nchi imevamiwa. Mwanachuoni Stanley Cohen baadaye aliandika kitabu kizima mwaka 1972 kuonyesha kuwa kelele zile zilikuwa kubwa kuliko fujo zenyewe, na kwamba zilizidi kuwavuta vijana wajiunge.

Wakati huo huo, Mary Quant, ambaye alifungua duka lake katika barabara ya King's Road mwaka 1955, alikuwa akiuza nguo za wasichana zilizokuwa zikipanda juu ya goti mwaka hata mwaka. Ndizo hizo tulizokuja kuziita vimini. Wazee wa Kiingereza, msidhani, nao walishika vichwa. Lakini mwaka 1966 mama huyo alipewa nishani na Malkia, na mwaka 2009 kimini chake kikatiwa katika stempu ya posta ya nchi hiyo. Stempu, ndugu msomaji! Mahali ambapo taifa huweka kile linachotaka kujulikana nacho.

Kisha wakaja mapanki, neno ambalo hata vinyozi wa kwetu walikuja kulijua. Kuanzia mwaka 1976 walijitokeza mitaani na nywele zilizosimama kama upanga wa jogoo, nguo zilizochanwa makusudi, na pini za kufungia nepi za watoto zimetungwa katika mashavu na masikio. Mshonaji wao mkubwa alikuwa Vivienne Westwood, na waimbaji wao walikuwa Sex Pistols. Mwaka 1977, Malkia alipokuwa akisherehekea miaka 25 ya ufalme, wao walitoa wimbo wa kumkejeli, na redio ya BBC ikaupiga marufuku. Je, mwisho wake ulikuwa nini? Mwaka ule ule wa 1977 mshonaji mmoja maarufu, Zandra Rhodes, alikwisha kuzishona pini zile katika magauni ya matajiri. Picha za mapanki zikauzwa kwa watalii katika kadi za posta. Bi Westwood alipewa nishani mwaka 1992 na cheo kikubwa zaidi mwaka 2006. Na usiku wa tarehe 27 Julai 2012, London ilipofungua Michezo ya Olimpiki mbele ya macho ya dunia, muziki wa Sex Pistols ulipigwa uwanjani, na Malkia yule yule amekaa jukwaani.

Walioapa kuibomoa nyumba wakatundikwa sebuleni kuwa mapambo. Hiyo ndiyo kazi ya soko. Halishindani na mtu, humnunua.

VIRAKA VYA MATAIFA

Sasa turudi kwa yule asemaye: "Ndivyo Waingereza wanavyovaa." Twamwuliza, ni kipi hapo cha Kiingereza? Skuta ya Mods ilitoka Italia. Koti lao la mvua lilitoka jeshi la Marekani. Lile buti zito la Dr. Martens, linaloonekana leo kuwa ni alama ya kijana wa Kiingereza, lilianza kushonwa katika jimbo la Northamptonshire tarehe 1 Aprili 1960, lakini soli yake ilibuniwa na daktari wa Kijerumani aliyeitwa Klaus Märtens. Nayo muziki uliowachezesha vijana wa vipara, walioitwa Skinheads, mwishoni mwa miaka ya 1960, ulikuwa ni muziki wa Jamaica, ulioletwa na watu weusi waliokuja kwa meli, kuanzia ile Empire Windrush iliyofunga gati Tilbury mwezi Juni 1948.

Basi Uingereza mpya ni shuka la viraka. Kila kiraka kimetoka kwa mtu, na mara nyingi kwa mtu aliyedharauliwa. Hatusemi haya kuwacheka, kwani hakuna umma uliojishonea kila kitu wenyewe. Twasema ili ndugu zetu waache kuamini kuwa kuna joho moja takatifu liitwalo Uingereza, ambalo mtoto wa Kiislamu hana budi kulivaa akitaka kuhesabiwa mtu. Ikiwa skuta ya Mtaliana na ngoma ya Mjamaika zimeweza kuwa za Kiingereza, basi kwa dalili gani mtandio wa binti yetu aliyezaliwa Leicester uitwe wa kigeni?

Na hapa pana jambo la kuhuzunisha ambalo halina budi kutajwa. Wale vijana wa vipara walichukua mtindo wa nguo na muziki kwa Wajamaika, kisha kufika 1969 na 1970 wengi wao wakafanya mchezo wa kuwawinda Wapakistani na Wabangladeshi mabarabarani na kuwapiga. Kabla yao, mwezi wa Agosti na Septemba 1958, Teddy Boys walikuwa miongoni mwa makundi yaliyowashambulia watu weusi katika mtaa wa Notting Hill. Sauti ya kwanza na isikilize vyema: mtu aweza kuvaa nguo yako, akacheza ngoma yako, na bado akakupasua kichwa. Nguo peke yake haiingizi huruma moyoni. Wala usidhani kuwa mwanao akivaa kama wao ndiyo atapendwa.

FUNDI CHEREHANI WA WHITECHAPEL

Upande wa mashariki wa London pana njia iitwayo Brick Lane. Hapo pana jengo lililojengwa mwaka 1743 kuwa kanisa la Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso, na wengi wa watu hao wa mtaa ule walikuwa wafumaji wa hariri. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti. Mwishoni mwa karne ya 19 likawa hekalu la Mayahudi, ambao wengi wao walikuwa mafundi cherehani. Na mwaka 1976 likawa msikiti wa Waislamu wa Kibangladeshi, ambao nao kazi yao kubwa ilikuwa kushona. Jengo moja, dini tatu, na kazi ya mikono ni ile ile ya uzi na sindano. Waliomvisha Mwingereza hawakuwa Waingereza.

Mmoja wa mafundi hao aliitwa Altab Ali. Alikuwa kijana wa miaka 24 hivi, Mwislamu, akishona katika kiwanda cha nguo. Jioni ya tarehe 4 Mei 1978, akirudi nyumbani kutoka kazini, alichomwa kisu na kuuawa karibu na Whitechapel. Waliomwua walikuwa vijana watatu, hakuna hata mmoja kati yao aliyefika miaka 20. Hawakumjua, wala hakuwa amewakosea.

Tafadhali msomaji, simama kidogo hapa. Kijana anayeshona nguo anauawa na vijana wanaozivaa. Siku kumi baadaye watu wapatao 7,000 walitembea nyuma ya jeneza lake mpaka Hyde Park na mpaka mlangoni mwa Waziri Mkuu. Miongoni mwao walikuwa vijana wa Kibangladeshi ambao baba zao walikuwa wamewafundisha kunyamaza, kuinamisha vichwa, na kurudi nyumbani mapema. Tangu siku ile hawakunyamaza tena. Mwaka 1998 bustani iliyokuwa karibu na mahali alipouawa iliitwa kwa jina lake, na mpaka leo jina hilo la Kiislamu limeandikwa katikati ya London.

Hivi ndivyo Mwislamu alivyoingia katika Uingereza. Hakuingia kwa kubadilisha suruali, aliingia kwa jasho, kwa damu, na kwa kusimama. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilionyesha Waislamu milioni 3.9 katika England na Wales, yaani watu 65 katika kila 1,000. Mababa hawa hawakusahau kusali. Wala insafu hairuhusu tusiwataje Waingereza weupe waliosimama nao. Mwezi Aprili mwaka ule ule wa 1978 maelfu ya vijana, wengi wao ni wale wale mapanki na marafiki wa muziki wa Jamaica, walikusanyika Victoria Park kuupinga ubaguzi. Kijana aliyetungwa pini shavuni aweza kuwa na moyo kuliko bwana mwenye tai. Hili nalo wazee tulikubali.

ZAMU YA MTANDIO

Sasa twafika penye hatari ya leo, na hapo ndipo tulipokuwa tukielekea tangu mwanzo.

Vazi la Kiislamu katika nchi ile limeshapita hatua ya kwanza na ya pili. Limetukanwa, na wanawake wetu wamevutwa mitandio njiani. Mwaka 2002 binti mmoja wa Luton alikataa kuvaa sare ya shalwari na kanzu fupi iliyoruhusiwa na skuli yake, akataka kuvaa jilbabu, akazuiwa kuingia. Shauri lake lilifika mpaka baraza la juu kabisa la sheria, na mwezi Machi 2006 akashindwa. Kwa insafu tuseme kuwa skuli ile iliruhusu mtandio na ilikuwa imetaka shauri la misikiti. Lakini pia tuseme kuwa nchi iliyoshitakiana miaka ile kwa sababu ya nguo kuwa ndefu ndiyo iliyokuja kutia stempuni nguo iliyo fupi.

Leo hatua ya tatu imefika: mtandio unanunuliwa. Mwaka 2015 kampuni ya nguo ya H&M ilimweka mwanamke wa Kiislamu wa London, amejitanda, katika tangazo lake. Mwaka 2016 Marks & Spencer waliuza Uingereza vazi la kuogelea la kusitiri mwili wote. Mwezi Februari 2017 yalifanyika London maonyesho makubwa ya mavazi ya staha, na wasichana wakapita jukwaani kwa muziki na mapicha. Mwaka huo huo Nike wakatoa mtandio wa michezo wenye alama yao kichwani.

Najua wapo watakaosema: "Alhamdulillahi, tumekubaliwa." Na kwa upande mmoja wana haki. Binti anayetaka kukimbia mbio na kujisitiri, akipata nguo ya kumfaa, hilo ni jema, na mwenye duka si adui. Lakini tukumbuke ile pini. Pini ya panki ilipotiwa dhahabu haikubaki na maana. Soko halichukui kitu bila ya kukitoa roho yake, kama mvuvi anavyotoa matumbo ya samaki kabla ya kumtia chumvi. Mtandio uliwekwa ili mwanamke asipimwe kwa mwili wake. Ukisha kuwa ni kitu cha kumfanya atazamwe zaidi, apigwe picha zaidi, ahesabiwe watazamaji wake kwenye simu asubuhi na jioni, basi umebaki mtandio wa jina. Nguo ya kuazima haisitiri. Na nguo iliyo yako mwenyewe, ukisha kuiuza kisha ukaivaa, imekuwa ya kuazima.

Jambo hili halikuishia katika nguo. Katika lugha mpya ya mitaani ya London, iliyochanganya Kijamaika, Kibengali, Kiafrika na Kiingereza cha wenyeji, vijana wa kila dini na wasio na dini huapa "wallahi". Huapa kwa Mwenyezi Mungu juu ya mpira, juu ya viatu, juu ya uongo wa mchana kweupe. Wengine kwetu hufurahi wakisema Uislamu umeenea. Enyi ndugu, umeenea nini? Jina tukufu limefanywa kama kitufe cha koti. Lakini hapa tusiwanyooshee wao kidole peke yao, kwani katika masoko yetu wenyewe "wallahi" huuza samaki aliyeoza kila siku.

MANENO KWA SAUTI YA PILI

Ama wewe usemaye "wafungieni," nawe tuna neno nawe. Kufungia kumekwisha kujaribiwa. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vilipigwa marufuku Dar es Salaam. Wasichana walikamatwa na kuaibishwa mbele za watu. Je, vijana waliacha? Miaka michache baadaye mitaa ilijaa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni. Huko Uingereza nako, mwezi Mei 2005, jengo la maduka la Bluewater, Kent, lilipiga marufuku masweta yenye kofia. Leo sweta hilo linavaliwa na mawaziri wakienda matembezini. Fimbo hufukuza nguo kutoka mlango wa mbele, nayo ikaingia kwa dirishani.

Fauka ya hayo, sisi wazee tuna ulimi gani? Baba aliyevaa suti na tai, alivyovishwa na skuli ya mkoloni, amgombeza mwanawe kwa kumwiga Mzungu. Koti tunalolivaa juu ya kanzu siku ya Idi, tulilishonewa na nani? Hata buibui, tulionalo leo kuwa ni la tangu na tangu, lilienea Unguja na Mombasa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na miongoni mwa waliolikimbilia ni wanawake waliotoka utumwani au waliozaliwa na waliotoka utumwani, ambao zamani hawakuruhusiwa kujisitiri kama mabibi zao. Walivaa kusema: sasa mimi ni mtu huru, nina heshima. Basi pwani hii yajua vyema kuwa nguo ni usemi. Asiyejua hilo amesahau bibi yake.

Kijana anapovaa ajabu, husema neno. Mara nyingi asema: "Nionani, nipo." Teddy Boy alisema hivyo, panki alisema hivyo, na mjukuu wako aliyejifunika uso kwa kofia ya sweta asema hivyo, hata ingawa amejificha. Nchini kwake huitwa Mwislamu na mgeni, na akija kwetu huitwa Mzungu. Huku ni mtu baki na kule ni mtu baki. Ikiwa wewe babu yake huna neno la kumwambia ila "vua," basi kuna mwengine mwenye maneno mengi, naye ana duka.

LA KUFANYA

Mafundisho ya dini katika jambo hili si mazito. Dini haikutushurutisha mshono wa nchi moja. Imeweka mipaka: usitiri uchi, usivae kwa kiburi, usifanye israfu, usijifananishe na watu katika yale yaliyo alama za ukafiri wao na maasi yao. Na katika Suratul A'raf Mwenyezi Mungu ametaja, baada ya mavazi ya mwili, vazi la ucha Mungu, akalifanya hilo kuwa ndilo bora. Ndani ya mipaka hiyo, kijana wa Birmingham avae sweta la baridi, na avae buti la mvua, kwani baridi ya huko haijui kanzu. Asilaumiwe kwa hilo.

Lakini afundishwe kujiuliza kabla ya kulipa: Nguo hii yanisitiri, au yanitangaza? Naivaa kwa sababu naihitaji, au kwa sababu naogopa kuchekwa? Na aliyeishona, alilipwa haki yake? Swali hili la tatu tumelisahau sana, nasi ndio umma wa Altab Ali.

Nasi wazee tufanye letu. Mtoto akija likizo, tusianze na nguo zake. Tumkalishe barazani, tumsimulie babu yake alikuwa nani, tumpeleke msikitini tukiwa tumemshika mkono na si sikio. Tumpeleke kwa fundi amshonee kanzu au gauni kwa kipimo chake mwenyewe, aone kuwa ipo nguo iliyokatwa kwa ajili yake na si kwa ajili ya maelfu. Na ndugu walioko huko wafungue milango ya misikiti yao kwa vijana siku zote, si kwa darsa za kukaripiwa tu. Kijana wa Kiingereza wa mwaka 1953 aliingia barabarani kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine palipomtaka.

Uingereza ulitengenezwa upya na vijana wake. Wakubwa hawakuwasikiliza, wachuuzi wakawasikiliza, na leo taifa zima limevaa kile wachuuzi walichouza. Sisi tuna vijana wetu katika nchi ile ile, barabara zile zile. Wao watakuwa sehemu ya Uingereza wa kesho, tutake tusitake. Lililobaki mikononi mwetu ni kama watakwenda humo na vazi lao la ndani lililo zima, au watakwenda uchi chini ya mitandio.

Mwenyezi Mungu awasitiri watoto wetu hapa na huko, awape haya isiyokuwa na woga, na atupe sisi wazee subira ya kuwasikiliza. Amin.